Shangazi Hakuomba Sindano

Najua ukurasa huu umeota nyasi. Wengine mmeniuliza kama nimeoa, wengine kama nimehama nchi. Hakuna. Nilikuwa na deni, na kila nilipokaa niandike kuhusu siasa au mpira, deni lile lilinikodolea macho. Leo nalilipa. Vuta kiti, maana habari yenyewe ni ya kufuma masweta. Ndiyo, kufuma, kwa sindano mbili na uzi. Usicheke kwanza.

Februari 2024 nilikwenda Bashay kumsalimia shangazi yangu. Kwa msioijua, Bashay ni kata ya wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, upande unaoelekea Hanang. Ni nchi ya Wairaqw na jirani zao Wadatooga, iko juu, na ina baridi. Watu wa Dar wakisikia baridi ya Tanzania wanataja Lushoto, Njombe na Makete, basi. Njooni Mbulu mwezi wa saba, mtoke nje saa kumi na mbili asubuhi, halafu tuongee. Huko sweta si urembo wa kupigia picha. Mtoto asiye na sweta anafika shule akiwa ametetemeka njia nzima, na mwalimu anamkuta mikono haishiki kalamu.

Shangazi anafuma. Amefuma tangu sijazaliwa. Jioni hukaa na wanawake wenzake wanne au watano, kila mmoja na mfuko wake wa nyuzi, na mazungumzo yao hayasimami hata sindano zikisimama. Mimi ni mwandishi wa habari. Nikaona hapa kuna makala. Nilikuwa na nusu ukurasa wa kujaza na siku mbili za kuujaza.

Basi nikaandika. Kichwa cha habari kilisema: "Wafumaji Bashay walia na ukosefu wa vifaa". Na sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: "WANAWAKE wanaofuma masweta katika kata ya Bashay, wilayani Mbulu, wameiomba serikali na wadau mbalimbali kuwasaidia vifaa vya kisasa ili waweze kujikwamua kiuchumi."

Kama umewahi kusoma gazeti la Kiswahili, sentensi hii umeshaisoma. Toa wafumaji weka wavuvi, toa Bashay weka Kilwa, inakaa vilevile. Tunaijua kwa moyo. Tunaiandika tukiwa ndani ya basi, kabla hata hatujafika tunakokwenda.

Tatizo ni moja tu. Hakuna mwanamke yeyote aliyeomba kitu chochote.

Nieleze habari hiyo ilivyopikwa. Lakini kwanza nieleze kitu kimoja cha ufundi, vinginevyo hutaelewa kosa langu liko wapi.

Umeshaliona sweta lenye kamba zilizosokotana zinazopanda kifuani, mithili ya nywele zilizosukwa? Shangazi anauita msuko, nami nitauita hivyo. Kitambaa cha kufuma ni vitanzi tu, kila kimoja kimepita ndani ya mwenzake. Vitanzi hivyo vimepanga foleni kwenye sindano ya kushoto. Unavifuma kimoja kimoja, vinahamia sindano ya kulia. Ukimaliza mstari unageuza kazi, unaanza upya. Msuko unapatikana pale unapoivuruga foleni. Tuseme una vitanzi vinne. Badala ya kufuma cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, unafuma cha tatu na cha nne kwanza, ndipo unarudi kwa cha kwanza na cha pili. Viwili vimewapita wenzao. Wanaobaki wanapita mbele au nyuma yao, na hapo kamba inavuka juu ya kamba.

Sasa swali: wakati cha tatu na cha nne wanahudumiwa, cha kwanza na cha pili wanakaa wapi? Vitabu vya kufuma vinasema wakae kwenye sindano ndogo ya tatu, fupi, yenye ncha pande zote mbili, nyingine zimepindwa katikati ili vitanzi visiteleze. Mimi nilikuwa nimeisoma habari ya sindano hiyo kwenye simu, njiani. Kwa hiyo nilifika Bashay nikiwa mtaalamu.

"Shangazi, ile sindano ndogo ya kusukia mnayo?"

"Hatuna, baba."

"Sasa mnatumia nini?"

"Vidole."

Nikaandika kwenye daftari: hawana sindano, wanalazimika kutumia vidole. Hilo neno "wanalazimika" nililiongeza mwenyewe. Swali la tatu sikuuliza. Nikapiga picha, nikanywa chai, nikaondoka. Gazeti likatoka na jina lake kamili na picha yake juu. Hapa simtaji. Ameniambia lile la kwanza limetosha.

Mwezi Juni binamu yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Kumbe wakati naandika makala yangu, shangazi alikuwa ameshakubaliana na kwaya moja ya kanisa kuwafumia masweta 24, ya rangi moja, yenye misuko miwili mbele na miwili nyuma. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Halafu mtu akalisoma gazeti, akapiga picha ukurasa, ukazunguka kwenye simu za wanakwaya. Viongozi wakaja nyumbani kwa shangazi, wakakaa, wakanywa chai (chai ileile!), wakampa pole. Wakasema wamesoma jinsi wanavyohangaika, na hawataki kumbebesha mzigo. Kazi wakaipeleka mjini kwa mtu mwenye mashine.

Nataka uone jambo hili vizuri. Hawakuwa watu wabaya. Walimwonea huruma. Na huruma hiyo niliitengeneza mimi, kwa kalamu yangu, kwa habari ambayo ndani yake hamkuwa na uongo hata mmoja ambao ungeweza kunifikisha mahakamani. Hawana sindano: kweli. Wanatumia vidole: kweli. Lakini ukiziweka kweli hizo mbili mahali nilipoziweka mimi, zinatoa picha ya mama anayehangaika gizani. Na mama mwenyewe alikuwa na oda ya masweta 24.

Nikampigia simu shangazi. Hakufoka. Alisema hivi tu: "Nimesikia nimelia kwenye gazeti. Nililia saa ngapi?"

Julai nilipata likizo ya siku tano. Nikapanda basi la Arusha kwenda Mbulu kupitia Karatu, nikala vumbi langu kimyakimya, nikamalizia kwa pikipiki. Mfukoni nilikuwa na zawadi. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa Nairobi alininunulia sindano za kusukia, tatu, saizi tatu, kwenye kifuko cha plastiki. Ndivyo tulivyo. Nimemharibia mtu kazi kwa kusema hana sindano, nikaenda kumwomba radhi kwa sindano.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja na sindano."

Akazipokea kwa mikono miwili, kama inavyopaswa kupokea zawadi. Akazigeuza, akazipima uzito. Akachukua kazi aliyokuwa nayo, sweta la bluu la mjukuu, akafika kwenye mstari wa kusuka, akaijaribu. Akahamisha vitanzi vitatu kwenye sindano mpya, akaiacha ining'inie mbele, akafuma vitatu vya pili, akairudia ile ndogo, akavifuma vyake, kisha akaiweka mapajani. Ikadondoka chini. Mjukuu akaiokota.

Nikatoa simu nikawasha saa. Kwa sindano yangu, kila msuko ulimchukua sekunde kama 25. Kwa vidole vyake, sekunde 10. Tukarudia mara sita na hali haikubadilika sana. Mtasema hajaizoea, na ni kweli, akiizoea angepunguza. Lakini kuna mambo ambayo mazoea hayayaondoi: kuichukua, kuiweka, kuitafuta.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Sweta moja la mtu mzima, kwa kazi yake, lina mistari kama 120 mbele na mingine 120 nyuma. Msuko wa vitanzi sita unavushwa kila mstari wa sita. Hiyo ni mivuko 20 kwa kila kamba, kamba nne, mivuko 80. Masweta 24 ni mivuko 1,920. Ukiokoa sekunde 15 kila mvuko umeokoa saa 8. Siku nzima ya kazi! Katika ile oda iliyopotea, "ukosefu wa vifaa" ungempa shangazi siku moja ya ziada.

Nikamwambia hesabu hiyo. Akasema, "Sasa hiyo ndiyo ungeandika."

Jioni hiyo akaniambia kama nataka kuandika tena kuhusu kufuma, nifume kwanza. Nilijifunza kwa sindano zilizokatwa kwenye spoku za baiskeli, ambazo mjukuu anazitumia. Siku mbili za mwanzo nilifuma kitambaa kitupu chenye matundu, ambacho hata kuku wa pale walikitazama kwa mashaka. Siku ya tatu akaniruhusu kusuka, vitanzi vinne.

Nitakueleza jinsi inavyofanyika, kwa sababu makala yangu ya kwanza haikueleza, na kueleza ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Una vitanzi vinne kwenye sindano ya kushoto. Unataka viwili vya kwanza vipite mbele. Chukua sindano ya kulia, ipitishe nyuma ya vitanzi viwili vya kwanza, uichomeke kwenye cha tatu na cha nne. Usifume. Ishike tu hapo. Sasa bana sehemu ya chini ya vitanzi vyote vinne kwa kidole gumba na cha shahada, kisha ichomoe sindano ya kushoto kutoka kwa vyote vinne. Cha tatu na cha nne viko salama kwenye sindano ya kulia. Cha kwanza na cha pili viko hewani, mbele, havina mwenyewe. Hapo ndipo moyo unapopiga. Haraka lakini bila pupa, ncha ya sindano ya kushoto inapita mbele na kuviokota vile viwili. Halafu viwili vilivyo kwenye sindano ya kulia unavirudisha kushoto. Tazama foleni: tatu, nne, moja, mbili. Imeshavurugika. Sasa fuma vyote vinne kama kawaida, kwa utaratibu. Ukitaka kamba ivukie upande mwingine, sindano ya kulia ipite mbele, na vile viwili vibaki hewani upande wa nyuma. Ukivusha upande uleule kila mara unapata kamba. Ukibadilisha kulia na kushoto unapata wimbi.

Siri yote ni ile nukta ambayo vitanzi viko hewani. Mimi mara ya kwanza niliogopa, nikavuta uzi, vikafumuka mistari mitatu kwenda chini. Shangazi akacheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia, "Kitanzi hakikimbii usipokifukuza."

Na ni kweli kabisa. Kitanzi kilichofumwa kina umbo lake, kimeshikwa chini na mwenzake na pembeni na jirani zake. Hakifumuki kwa sababu tu umekiachia. Kinafumuka ukikivuta. Uzi wenye manyoya unang'ang'ana zaidi, na sufu ya kondoo ndiyo kabisa, kwa sababu unyoya wake una magamba madogo yanayoshikana. Uzi laini wa viwandani unateleza kidogo, ndiyo maana ya kubana kwa gumba. Shangazi hajui habari za magamba. Anajua uzi upi unasubiri na upi hausubiri, na anaujua kwa kuusugua kwenye vidole dukani kabla ya kutoa hela.

Usiku ule nikauliza lile swali la tatu nililoliruka Februari. Alijifunzia wapi?

Kufuma kwa kawaida alijifunza shule ya msingi, miaka ya 1970, enzi za kampeni ya UPE, darasani wamejaa na sindano zao ni vijiti walivyochonga wenyewe. Kusuka hakufundishwa na mtu. Mwaka 1989, akiwa na mtoto wake wa kwanza, alinunua mnadani sweta la mtumba la mwanaume, jeupe, zito, limetoboka viwiko. Hakulinunua avae. Alitaka uzi. Hili watu wengi wa mjini hawalijui: sweta la mtumba lililochakaa likifumuliwa vizuri, likafuliwa na kunyooshwa, linatoa uzi wa masweta mawili ya watoto.

Lile sweta lilikuwa na misuko. Alipofika kwenye msuko wa kwanza akaacha kuvuta. Akalifumua jioni tatu nzima, kitanzi kimoja kimoja, akiangalia kila kimoja kilipotokea. Alilisoma sweta kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akaona kwamba mahali kamba inapovuka, vitanzi havikukatwa wala havikushonwa juu. Vimebadilishana nafasi tu. "Kumbe ni kama kusuka nywele," akasema. "Na nywele nani anazisuka kwa sindano?"

Yaani mama huyu hajawahi kukosa sindano ya kusukia, kwa maana ya kukosa. Kwenye sweta lililokwisha sindano haipo, ilishatolewa zamani. Aliona kazi bila kifaa, akaitafutia njia, akaipata. Kwa miaka 35 alikuwa hajui kama kuna kifaa, mpaka nilipokuja mimi kumwambia kwamba hana.

Msinielewe vibaya. Sitaki kutoka kwenye makala ya "wanalia" niangukie kwenye ile nyingine ya "maskini lakini wana furaha". Vidole vina mipaka. Msuko mpana, wa vitanzi sita juu ya sita, huwezi kuuacha hewani, unakaza mno na kitanzi cha pembeni kinaponyoka. Hapo shangazi anachukua kipande cha spoku, au njiti ya kiberiti kama uzi ni mwembamba. Ana sindano ya tatu basi? Anayo anapoihitaji. Na uzi ni ghali, na mashine ya mjini inatoa sweta wakati yeye bado yuko kwenye kola. Hayo ni mambo ya kweli. Lakini hayo sikuyaandika, kwa sababu nilikuwa nimeshapata kichwa cha habari.

Niliporudi mjini niliingia kwenye intaneti. Ningefanya hivyo Februari nisingekuwa hapa. Ulaya na Marekani, wafumaji wenye madroo yaliyojaa sindano za kila aina, wanafundishana kusuka bila sindano ya kusukia. Wanafundishana kwa video, kwa picha, hatua kwa hatua. Wanaita mbinu. Wanaona ukiifikia umekomaa. Ncha zilezile, vitanzi vilevile hewani, gumba lilelile. Hakuna gazeti la huko lililoandika kwamba wanalia. Kitu kimoja, kikifanywa na mama wa Chicago ni ujuzi, kikifanywa na mama wa Bashay ni ukosefu. Na aliyeandika kwamba ni ukosefu hakuwa mzungu. Ni mimi, mtoto wa kaka yake.

Tena masweta haya yameshaonewa na waandishi wengine kabla yangu. Misuko ni maarufu sana kwenye visiwa vya Aran, Ireland. Utasikia watu wakisimulia kwamba kila ukoo ulikuwa na msuko wake, ili mvuvi akifa maji mwili wake utambuliwe kwa sweta. Hadithi tamu sana, na nilitaka kuiweka kwenye makala yangu! Lakini watafiti wa kufuma wanaikataa. Mzizi wake unaonekana kuwa tamthilia ya John Millington Synge ya mwaka 1904, "Riders to the Sea", ambamo dada anamtambua kaka yake aliyekufa maji kwa soksi aliyomfumia yeye mwenyewe, kwa vitanzi vilivyodondoka. Soksi ya mtu mmoja, kwenye mchezo wa kuigiza. Baada ya hapo wauza masweta na wenye kalamu wakaijazia. Msomaji anapenda sweta lenye maiti ndani yake, kama anavyopenda mama anayelia.

Turudi Bashay. Siku ya nne nilimuuliza shangazi swali ambalo lingechukua nusu dakika tu mwezi Februari: "Shangazi, kama kuna kitu kimoja unakihitaji kwenye kazi hii, ni kipi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Miwani."

Nikaduwaa. Nilikuwa nimekaa naye siku tatu nikidhani anafuma kwa kupapasa kwa sababu ya ufundi. Kumbe sehemu ni ufundi na sehemu ni macho. Ukipita miaka arobaini lenzi ya jicho inakuwa ngumu, vitu vya karibu vinafifia, hilo linampata kila mtu. Yeye amepita hamsini na kitu. Mchana anaona akisogea mlangoni. Usiku, kwa uzi wa bluu au mweusi, haoni kitanzi kabisa, anahesabu kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo usiku anafuma rangi nyeupe na njano tu. Oda ya kwaya ilikuwa bluu iliyokoza. Alikuwa amepanga kuifuma mchana peke yake, na alikuwa ameshahesabu siku zake.

Kesho yake tukapanda gari kwenda Mbulu mjini, akapimwa macho, tukanunua miwani ya kusomea. Nilikuwa nimempelekea sindano tatu alizokuwa hazihitaji kutoka Nairobi, na kitu alichokihitaji kilikuwa kinapatikana palepale wilayani. Alipoivaa kwenye basi wakati wa kurudi alitoa kazi yake kwenye mfuko, akaitazama kwa karibu muda mrefu, halafu akasema kwa hasira, "Mbona mmeniacha nafuma mikono hii mibaya!" Mikono ya sweta haikuwa mibaya. Lakini aliifumua yote akaianza upya.

Sindano zangu, kama mnataka kujua, moja inafungia pazia la dirishani. Nyingine mbili mjukuu amezipoteza.

Masweta ya kwaya hayakurudi. Nisiwadanganye. Walishalipa mjini, walishavaa, yalikuwa mazuri tu, bila misuko. Nilikwenda kwa kiongozi wao nikamweleza kosa ni langu. Alinisikiliza kwa upole, akasema labda mwaka mwingine. Labda. Nilimwomba pia mhariri wangu tuchapishe masahihisho. Akaniuliza ni jina gani limekosewa. Nikamwambia hakuna jina lililokosewa. Takwimu? Hakuna. Akaniambia basi hakuna cha kusahihisha, na habari yenyewe ni ya miezi mitano iliyopita.

Kipande changu cha vitanzi vinne nimekitundika juu ya meza. Mvuko wa nne niliukosea, nikaupeleka upande mwingine, na nikagundua nikiwa nimeshapita mistari kumi. Nilidhani itabidi nifumue yote. Shangazi akakichukua, akaviachia vile vitanzi vinne tu, akavishusha mstari kwa mstari mpaka mahali penye kosa, akavivusha sawasawa, akavipandisha tena kwa ile sindano ya ndoano ya kufumia vitambaa. Kushoto na kulia hakugusa. Ilimchukua kama dakika kumi. Mimi hili langu limenichukua miezi, na gazeti limekataa, kwa hiyo nalifanya hapa, kwenye ukurasa wangu mwenyewe.

MASAHIHISHO. Februari 2024 mwandishi wa ukurasa huu aliripoti gazetini kwamba wafumaji wa Bashay, wilayani Mbulu, wanalia na ukosefu wa vifaa, na kwamba wameiomba serikali na wadau kuwasaidia. Hawakulia. Hawakuomba. Wanasuka bila sindano ya kusukia kwa sababu wanajua, na hawacheleweshi kazi. Mmoja wao alihitaji miwani, na mwandishi hakumuuliza. Ana nafasi ya oda, rangi yoyote, hata bluu iliyokoza.